Almasi za bure zilizoondoka na Facebook ya mama

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua, Moshi, nina saluni ndogo. Kijana wangu ana miaka 11. Hana simu, hucheza gemu ya Free Fire kwenye simu yangu jioni nikirudi. Wiki iliyopita rafiki yake alimtumia linki ya "almasi 10,000 bure", yaani zile pesa za ndani ya gemu. Ukurasa ukamtaka aingie kwa Facebook, akaandika namba yangu na paswedi yangu, anaijua. Kisha wakamwambia atume shilingi 5,000 za uhakiki, atarudishiwa. Akatuma. Namba ya siri anaijua pia, kwa sababu huwa namtuma anunue umeme wa LUKU. Hakuniambia kitu. Nimejua juzi shemeji yangu wa Dar aliponipigia kuuliza upasuaji umeendaje, na kama laki moja na nusu niliyomwomba Messenger imefika. Sijaugua wala sijaomba. Baba yake anataka kumchapa na kumpiga marufuku simu mpaka amalize darasa la saba. Je, wameidukua simu nzima? Hela itarudi? Na hizo almasi za bure zipo au hazipo? Mtoto analia anasema mwenzake alipata.

Jibu:

Dada yangu, pole. Kabla hujaendelea kusoma, kabadilishe kwanza paswedi ya barua pepe yako. Nasema barua pepe, Facebook itafuata. Wengi wanaoniletea simu hapa Arusha huwa wameshakimbilia Facebook, wakabadilisha paswedi wakashusha pumzi, kumbe mwizi ameshika Gmail. Anachofanya ni kuiambia Facebook kwamba amesahau paswedi, na maelekezo ya kuweka nyingine yanaingia kwenye Gmail hiyohiyo. Kama paswedi aliyoiandika kijana inafanana na ya Gmail, chukulia kwamba mtu anayo. Ukishabadilisha, ingia sehemu ya usalama ya akaunti yako ya Google, tazama orodha ya vifaa vilivyoingia, na usichokitambua kiondoe.

Sasa Facebook. Kama bado inakufungukia, badilisha paswedi na uchague kuvitoa vifaa vingine vyote. Halafu kagua namba za simu na barua pepe zilizounganishwa na akaunti, maana mwizi mzoefu huongeza ya kwake kimyakimya ili arudi baadaye. Malizia kwa kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, ule unaodai tarakimu za ziada juu ya paswedi. Kama haikufungukii tena, fungua facebook.com/hacked kwa simu hiyohiyo uliyozoea kuitumia. Usiende kwenye kompyuta ya stationery, kwa sababu Facebook hukuamini zaidi ukija na kifaa inachokijua. Pekua pia barua pepe zako za wiki hii. Namba au barua pepe ya akaunti inapobadilishwa, Facebook hutuma taarifa kwa anwani ya zamani, na ndani yake huwa kuna kiungo cha kusema "siyo mimi". Na tafadhali, usimlipe mtu yeyote anayejinadi kwenye komenti kwamba anarudisha akaunti zilizodukuliwa. Wengi wao ni matapeli wanaowinda watu waliokwisha kutapeliwa, kwa sababu mtu aliyeumia hana subira.

Kisha wapigie ndugu. Piga simu wakusikie sauti. Ujumbe wa Messenger sasa hivi hauna thamani. Anza na wale wenye desturi ya kukutumia hela. Mwizi akishaingia kwenye akaunti anasoma ukoo wako vizuri tu: nani anakuita shemeji, nani anakuita mama fulani, nani aliweka pole kwenye msiba wa mwaka jana. Sisi ni watu wa michango, na ukiambiwa mtu wako yuko hospitali hukai kuuliza maswali. Anayeandika huo ujumbe analijua hilo kuliko anavyoijua Free Fire. Weka na ujumbe wa sauti kwenye magrupu ya familia, useme kwa kinywa chako kwamba Facebook yako imeibwa na namba yoyote inayoomba hela kwa jina lako si yako.

Simu nzima imedukuliwa? Kwa maelezo yako, hapana. Kufungua ukurasa peke yake kwa kawaida hakuibi simu. Madhara yanatoka kwenye vitu vitatu ambavyo mtu hufanya akiwa pale: anachoandika, anachosakinisha na anachoruhusu. Kijana aliandika paswedi na akatuma hela. Muulize, kwa upole ili ajibu kweli, kama alipakua programu yoyote nje ya Play Store. Watoto huita "modi", ile Free Fire ya kuona kupitia ukutani. Kama alisakinisha, iondoe, kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya huduma za ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho au viungo. Programu mbaya hupenda sana ruhusa hiyo, kwa sababu ukiipa inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza vitu kwa niaba yako. Ukikuta humo jina usilolijua, hifadhi picha zako mahali pengine na uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Ukikuta hakuna kitu, usijisumbue. Nimeona akina mama wakiuza simu nzima kwa hofu, na mwizi akaendelea kutumia Facebook yao kama kawaida, kwa sababu Facebook haikuwa ndani ya ile simu.

Sasa nikueleze mchezo wenyewe unavyochezwa, kwa sababu ukiuelewa utaweza kumweleza kijana bila kumtisha.

Almasi za Free Fire haziko kwenye simu. Zinakaa kwenye kompyuta za Garena, kampuni yenye gemu, kama vile salio lako la M-Pesa lilivyo kwenye mitambo ya Vodacom na simu inakuonyesha namba tu. Mtu akikuambia ana tovuti ya kukuongezea salio la M-Pesa kutoka hewani utamcheka. Almasi ni vilevile, na pesa za gemu nyingine pia, Robux za Roblox na V-Bucks za Fortnite. Ili mtu akuongezee lazima awe ameingia kwenye mitambo ya kampuni, na mtu mwenye uwezo huo hawezi kukaa akiwagawia watoto wa Pasua.

Ile tovuti basi inafanya nini? Inaigiza. Kaa na kijana, fungua dirisha la siri la kivinjari (incognito) ambalo halina akaunti yako yoyote, muingie kwenye ukurasa wa namna hiyo, na pale panapotaka jina la mchezaji mwandike jina ambalo halipo duniani, mfano ugaliwadagaa77. Utaona duara linazunguka, maandishi ya kijani yanapita kwa kasi, halafu: "Akaunti imepatikana! Inapakia almasi 10,000." Imepata akaunti ya ugali na dagaa. Fungeni hapohapo, msiandike kingine. Huwa natumia jaribio hili kwa watoto kuliko hotuba yoyote, kwa sababu mtoto wa miaka 11 anachukia kuonekana mjinga, na akiona mwenyewe kwamba ukurasa ulikuwa ukidanganya tangu kubonyeza kwa kwanza, hahitaji kuambiwa mara ya pili.

Baada ya maigizo hayo huja kile wanachokiita uhakiki, na hapo ndipo hela ilipo. Kuna aina kadhaa na mtoto anaweza kupitishwa zote kwa mkupuo mmoja. Ya kwanza ni kumwambia ajaze dodoso au apakue programu mbili tatu "kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Kwa kila dodoso na kila programu, mwenye ukurasa hulipwa kamisheni na watu wa matangazo. Mtoto amemfanyia kazi na hajapata kitu. Akishamaliza anaambiwa uhakiki umeshindikana, ajaribu tena. Ya pili ni kuomba namba ya simu, na ukishaiweka unajikuta umeunganishwa kwenye huduma za ujumbe wa kulipia, salio linakatwa kidogokidogo kila siku na wewe unailaumu kampuni kwa kula bando. Kama salio lako limekuwa likiyeyuka, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uwaombe wakuondolee huduma zote za kulipia.

Ya tatu ndiyo iliyokupata. Ukurasa wa "ingia kwa Facebook" ambao una rangi ya bluu ileile, alama ileile, lakini si Facebook. Uliojengwa ni picha tu, na chochote unachoandika kinakwenda kwa mtu. Watoto wa Free Fire wanaingia kirahisi kwa sababu gemu yenyewe ya halali humruhusu mchezaji kuingia kwa Facebook au Google, kwa hiyo kuulizwa paswedi hakumshtui. Mfundishe kutazama juu, kwenye mstari wa anwani. Akiona jina la tovuti haliishii na facebook.com, bali neno facebook limezungukwa na maneno mengine, vistari na tarakimu, hapo si Facebook. Pia simu ambayo tayari ina programu ya Facebook kwa kawaida haimwombi mtu aandike paswedi upya kila mahali. Inauliza tu kama unaendelea kwa jina lako. Akiombwa kuandika yote kuanzia mwanzo, aje akuulize.

Ya nne ni hizo shilingi 5,000. Hii ni ya hapa kwetu kabisa. Matapeli wa nchi za watu huwinda kadi za benki; wetu wanajua kila nyumba ina pesa kwenye laini, na kwamba mtoto anayetumwa dukani anajua kutuma. Kiasi hupangwa kiwe kidogo ili mzazi asikigundue, na mtoto akishalipa huambiwa bado kidogo, ongeza 3,000. Nashukuru kijana wako aliishia hapo.

Niseme pia lisilo hatari, maana kuna wazazi wanaotisha watoto kwa kila kitu mpaka mtoto anaacha kusikiliza. Ile namba ya mchezaji, ID yake ya Free Fire, haiwezi kumwibia mtu akaunti. Ni namba ya wazi, wachezaji hupeana ili waongezane urafiki. Akiwa ameiandika kwenye komenti ya TikTok, mwache. Paswedi, tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa SMS na namba ya siri ya pesa ndizo za kufa nazo. Zile tarakimu sita za WhatsApp hasa: watoto wengi huambiwa "code ya zawadi itaingia kwenye simu ya mama, nitumie", na kumbe ni WhatsApp ya mama inayohamishwa. Kama bado hujaweka PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp yako, iweke leo.

Na huyo mwenzake aliyepata? Inawezekana alipata kitu ndani ya gemu yenyewe, kwa sababu Free Fire hutoa zawadi kwenye matukio yake na kwa mtu anayeingia kila siku, akachanganya mambo. Inawezekana anajisifu tu, ni watoto wa kiume. Lakini kuna la tatu ambalo naliona mara kwa mara: hizo kurasa huwa na hatua inayosema "sambaza kwa marafiki kumi na magrupu matano ndipo almasi zifunguke". Mtoto anasambaza akiwa bado anasubiri zake, na akiulizwa anasema amepata ili wenzake wabonyeze haraka. Zile video za YouTube za ushahidi nazo usizitilie maanani. Kubadilisha namba inayoonekana kwenye kioo ili almasi 12 zisomeke milioni ni kazi ya dakika moja, na komenti za "asante, nimepata" huandikwa na akaunti za bandia kwa mamia. Mpigie mama wa huyo rafiki. Usimpigie kwa lawama. Huenda Facebook yake au ya baba wa mtoto imeshaenda na hawajui, kama wewe ulivyokuwa hujui.

Nafika kwa baba watoto, na hapa naomba nimwambie yeye moja kwa moja.

Kaka, hebu hesabu siku. Mtoto aliandika paswedi wiki iliyopita. Shemeji ametumiwa ujumbe baadaye. Katikati hapo kulikuwa na muda ambao mama angebadilisha paswedi na habari ingeishia kwenye hasara ya shilingi 5,000. Laki moja na nusu haikuondoka kwa sababu mtoto alibonyeza linki. Iliondoka kwa sababu alikaa kimya baada ya kubonyeza. Na alikaa kimya kwa kuogopa hicho unachotaka kukifanya sasa. Ukimchapa, utakuwa umemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuficha. Mara nyingine, na mara nyingine itakuwepo kwa sababu hata watu wazima wenye digrii wanatuma hela kwa "mwenye nyumba" aliyebadilisha namba, atajificha kwa ustadi zaidi.

Matapeli wanalijua hili. Ujumbe wanaowaandikia watoto umejaa "usimwambie mtu yeyote", "ukifunga ukurasa akaunti ya mzazi itafungwa", "zimebaki dakika nne". Kimya cha mtoto ndicho kinachompa mwizi nafasi ya kufanya kazi. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ningeiweka hivi, na ningemtamkia mbele ya mama yake: ukikosea mtandaoni ukaja kusema usiku uleule, hakuna adhabu, tutakaa tutengeneze. Ukificha, hapo tutaongea lugha nyingine. Hii haimaanishi asiwajibike. Mpe simu ampigie shemeji mwenyewe, amweleze kilichotokea na amwombe radhi. Kwa mtoto wa umri huo, kusema maneno hayo kwa baba mdogo wa Dar ni mzigo mkubwa kuliko fimbo, na utamkaa kichwani. Mkitaka kumpumzisha na gemu siku kadhaa, sawa. Lakini marufuku mpaka darasa la saba? Atakwenda banda la gemu kwa shilingi mia mia, au kwa huyohuyo rafiki mwenye linki, aingize paswedi kwenye simu ya mtu baki, na wewe hutakuwepo. Ni afadhali acheze sebuleni ukisikia kelele zake.

Turudi kwako, dada, kuhusu LUKU. Sikulaumu, nusu ya nyumba za Moshi na Arusha mtoto ndiye anayenunua umeme, ana macho mazuri ya kusoma namba za mita. Lakini ile namba ya siri ibadilishe leo kupitia menyu yako ya pesa, *150*00# kama ni M-Pesa, au menyu ya mtandao wako. Namba ya siri bila laini haimfai sana mwizi aliye mbali. Hatari ni kwamba mtoto mwenyewe anaweza kumtumia hela. Endelea kumtuma LUKU: aingize namba ya mita, aingize kiasi, halafu akuletee wewe umalizie. Na umzoeze kusoma kwa sauti jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Hili ni dogo ila linaokoa sana. Anayedai kuwa Garena akitokea kwa jina la mtu, jina la kwanza, la kati na la ukoo, mtoto wa miaka 11 anaweza kujiuliza mwenyewe kampuni ya gemu imeanza lini kuwa na jina la ubatizo. Shemeji naye angelisoma lile jina angesita. Nina hakika aliambiwa namba yako ina shida atume kwa jirani au kwa wakala. Ndiyo "ile hela tuma kwenye namba hii" tunayoijua sote, ila safari hii imevaa picha yako.

Kwenye simu yenyewe fanya mambo machache tu. Mfungulie kijana akaunti yake ya Google kupitia Family Link, ambayo ndiyo njia ya Google kwa watoto walio chini ya miaka 13. Programu mpya na manunuzi vitakuja kwako uidhinishe. Kwenye Play Store washa sharti la kuthibitisha kila ununuzi. Akianza upya Free Fire aanze kwa akaunti hiyo, Facebook yako isihusike tena na gemu. Halafu simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo: ukimpa Free Fire imebandikwa, hawezi kutoka kwenda Messenger au kwenye menyu ya pesa bila alama yako ya siri. Inachukua sekunde kuwasha na kwa simu inayoshirikiwa na familia naiona bora kuliko programu zote za ulinzi zinazouzwa. Kama kivinjari chako kimeanza kurusha matangazo ya kubeti na "simu yako ina virusi 13", hiyo ni ruhusa ya arifa aliyoibonyeza kijana kwenye ule ukurasa. Ifute kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa.

Kuna jambo moja sitaki kulipita. Muulize kijana, mkiwa wawili tu, kama kuna mtu yeyote aliyemuahidi almasi akitaka picha yake, au akamwambia wahamie kuongea WhatsApp au Telegram kwa siri. Sisemi imetokea. Lakini mtu anayegawa zawadi za gemu kwa watoto si kila mara anatafuta hela, na akishapata picha moja hugeuka kutishia ili apate nyingine. Ikiwa ipo, usifute mazungumzo, usimjibu, usilipe. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Mtoto asisikie kelele yoyote siku hiyo.

Hela. Zile 5,000 zihesabu zimekwenda. Kwa laki moja na nusu, anayetakiwa kuhangaika ni shemeji, kwa kuwa yeye ndiye mtumaji: apige 100 ya mtandao wake na kumbukumbu ya muamala mkononi, aombe uzuiwe. Kama mpokeaji hajatoa kuna nafasi. Kwa siku zilizopita, sitakudanganya, nafasi ni ndogo. Hata hivyo mripoti. Ujumbe wa utapeli unautuma kwenda 15040, kisha unafuata maelekezo kuitaja namba iliyohusika, ili laini ifungiwe isimfuate mtu mwingine. Piga picha za skrini za kila kitu, ukurasa, ujumbe wa muamala, mazungumzo ya Messenger aliyonayo shemeji, uende kituo cha polisi ukachukue RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ukikutana na askari anayecheka kwamba ni mambo ya watoto na gemu, mkumbushe kwa heshima kwamba udanganyifu kwa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kwamba aliyeibiwa laki na nusu si mtoto. Piga pia *106# utazame laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ipeleke kwa mtandao husika waifute.

Mwisho uliuliza almasi za bure zipo au hazipo. Zipo kidogo. Garena hutoa code za zawadi kwenye kurasa zake rasmi, mfuatano wa herufi na tarakimu 12 au 16, na hutumika kwenye tovuti yao ya zawadi, reward.ff.garena.com. Zinaisha muda haraka, mara nyingi hutoa nguo na vikorokoro vya gemu kuliko almasi, na mchezaji aliyeingia kama mgeni bila kuunganisha akaunti hawezi kuzitumia. Hakuna code halali inayodai hela, wala tarakimu za SMS, wala usambaze kwa magrupu. Zawadi ya kweli inamkuta mchezaji ndani ya gemu.

Zilizobaki zinanunuliwa. Ukiamua kumzawadia siku akifanya vizuri shuleni, nunua ndani ya gemu yenyewe ukiwa umeshika simu wewe, bei utaiona pale kabla ya kulipa. Wale wa "almasi bei poa" kwenye status za WhatsApp waache. Wengine huchukua hela na kukublock, na wengine hukuletea almasi kweli lakini zimelipiwa kwa kadi ya wizi. Mwenye kadi akilalamika benki, malipo yanarudishwa na akaunti inayofungiwa ni ya kijana wako.